Kujua kufuli linavyofanya kazi si kuwa na ufunguo: kuzielewa tovuti za chanzo huria

Mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari alinipigia simu akiwa amefadhaika. Wazazi waliokuwa wakitafuta fomu za kujiunga kupitia Google walikuwa wanaliona jina la shule yake likifuatiwa na maneno ya Kiindonesia yanayotangaza kamari. Yeye akiifungua tovuti haoni kasoro: picha ya wanafunzi kwenye paredi ipo, ratiba ya muhula ipo. Fundi aliyeitengeneza hapokei simu tangu mwaka juzi. Na kijana mmoja anayefanya kazi za kompyuta, alipoombwa ushauri, alimjibu kwa mkato: "Mwalimu, mlitumia vitu vya bure. WordPress ni chanzo huria, kila mtu anaona ndani. Sasa wezi mtawazuia vipi?"

Jibu hilo nimelisikia kwenye ofisi za vyama vya kuweka na kukopa, kwenye kamati za misikiti na makanisa, na kwa wenye maduka. Lina chembe ya ukweli ndani ya makosa mengi, na makosa hayo yanagharimu. Wapo wanaohamia kwenye majukwaa ya kulipia kila mwezi wakiamini wamenunua usalama. Wapo wanaobaki walipo wakiamini hakuna la kufanya. Wote wawili wameelezwa vibaya.

Tuanze na maneno yenyewe.

Programu yoyote ya kompyuta huanza kama maandishi. Mtu anakaa, anaandika maelekezo mstari kwa mstari, na kompyuta inayafuata. Maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo. Fikiria pilau. Ukila mgahawani unaletewa sahani imeiva; ukiuliza kilichotiwa ndani, mpishi anatabasamu na kurudi jikoni. Hiyo ni programu iliyofungwa. Chanzo huria ni pale unapopewa pilau pamoja na maelezo yote ya mapishi, na juu yake ruhusa ya maandishi: pika nyumbani, ongeza bizari ukitaka, mfundishe jirani, hata fungua mgahawa wako uiuze. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. WordPress, Joomla na Drupal, majukwaa matatu makubwa ya kutengenezea tovuti, yote yanatumia leseni moja iitwayo GPL, na yote yanakupa haki hizo bila kukuuliza wewe ni nani wala unataka kufanyia nini.

Hapa Kiswahili kimetupa bahati ambayo Waingereza hawana. Wao wana neno moja linalobeba maana ya "huru" na maana ya "bure" kwa pamoja, na tangu miaka ya 1980 waanzilishi wa harakati hizi wamekuwa wakijieleza kwamba wanazungumzia uhuru, si bei. Sisi maneno tunayo mawili. Chanzo huria ni habari ya uhuru, na ubure umekuja nyuma yake tu. Tena ubure wenyewe una mipaka: jina la tovuti unalilipia kila mwaka, seva, yaani kompyuta ya kuihifadhi mtandaoni, unailipia, na mtu wa kuitunza anatakiwa alipwe. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na nitalirudia.

Jukwaa la kutengenezea tovuti ni programu inayomwezesha mtu asiyejua msimbo kuandika habari, kuweka picha na kupanga kurasa, kama anavyoandika barua kwenye kompyuta. WordPress ilitoka tarehe 27 Mei 2003, kazi ya Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Hawakuanzia patupu. Walichukua programu iitwayo b2, iliyoandikwa na Mfaransa Michel Valdrighi na ambayo wakati huo ilikuwa imekosa wa kuiendeleza. Leseni yake iliwaruhusu kuiokota na kuilea. Leo zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zinatumia mtoto huyo wa kulelewa. Drupal ilitolewa kwa umma mwaka 2001 na Mbelgiji Dries Buytaert, na kuanzia mwaka 2009 hadi 2017 ndiyo iliyobeba tovuti ya Ikulu ya Marekani, kabla Ikulu hiyo haijahamia WordPress. Kwa hiyo anayesema haya ni majukwaa ya wasio na pesa hajatazama.

Joomla ina habari inayotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2005 watengenezaji wa jukwaa lililoitwa Mambo walitofautiana na kampuni iliyokuwa inamiliki jina hilo. Wakaondoka na msimbo, kwa sababu leseni iliwaruhusu, wakatafuta jina jipya. Walichochagua ni neno letu "jumla", wakaliandika kwa namna ambayo Mzungu angelitamka sawa. Hao watu waliogombana kuhusu nani ana haki ya kazi ya wengi walikuja kuchukua neno la Kiswahili ili kusema: hii ni ya wote.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Tovuti ya namna hii ina sehemu tatu. Kuna kiini, yaani WordPress yenyewe, ambacho ni msingi na kuta. Kuna mandhari, yaani mwonekano: rangi, mapazia, mpangilio wa sebule. Na kuna programu-jalizi, ambazo mafundi wengi huziita plagini: vifaa vinavyoongezwa kufanya kazi moja moja, kama fomu ya mawasiliano, kalenda, malipo, picha zinazopishana ukurasa wa mbele. Kwenye hazina rasmi ya WordPress ziko zaidi ya 50,000, zimeandikwa na watu wa kila aina: kampuni kubwa, mwanafunzi wa chuo, mtu aliyeandika usiku mmoja kisha akaendelea na maisha yake.

Jambo ambalo wenye tovuti wengi hawajaambiwa ni hili. Programu-jalizi ikishaingia kwenye WordPress haikai kwenye chumba chake. Inafanya kazi ikiwa na uwezo uleule wa kiini: inaweza kusoma hifadhidata yote, yaani ghala la taarifa za tovuti, kuandika faili, kuongeza watumiaji. Ni kama nyumba ambayo kila fundi uliyemwita, wa bomba, wa umeme, wa dishi la televisheni, umempa nakala ya ufunguo wa nyumba nzima na hukumwomba airudishe. Ukiwa na programu-jalizi ishirini, umegawa funguo ishirini.

Kabla ya hatari, niseme faida, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba faida ni bei tu.

Faida kubwa kuliko zote ni kwamba huwezi kufukuzwa. Mwaka 2024 Google ilizima tovuti zote zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara kwenye ramani zake. Zilikuwa tovuti rahisi, za bure, na wenye biashara ndogo walizipenda. Mwezi Machi zilizimwa, wageni wakawa wanapelekwa kwenye wasifu wa biashara, na baada ya tarehe 10 Juni hata huko hawakupelekwa tena. Kadi zilizochapishwa na mabango yaliyoandikwa anwani ile yakabaki yanaelekeza pasipo na kitu. Google haikuvunja sheria yoyote. Nyumba ilikuwa yake, na mpangaji wa bure hana notisi ndefu. Tovuti ya chanzo huria, ikiwa jina ni lako na nakala ya faili unayo, unaibeba kama mzigo: kampuni inayokuhifadhia ikipandisha bei au ikianza kulala usingizi, unahamia nyingine na wageni wako hawatajua kama umehama.

Faida nyingine ni lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kampuni awakubalie kwamba Waswahili ni soko la kutosha. Chanzo kilikuwa wazi, wakaketi wakafanya kazi. Majukwaa ya tovuti nayo yanatafsiriwa kwa njia hiyohiyo, na watu wanaojitolea.

Sasa turudi kwa yule kijana na hoja yake: kila mtu anaona ndani, kwa hiyo ni rahisi kuingia.

Nenda kwa fundi kufuli yeyote. Anajua kufuli linavyofanya kazi, pini zake, springi zake. Amefungua mamia. Je, ujuzi wake umelifanya kufuli la duka lako kuwa bovu? Hapana, kwa sababu usalama wa kufuli zuri hautegemei kuficha lilivyoundwa. Unategemea ufunguo wako, na kama kufuli lenyewe ni zima. Programu iliyoundwa vizuri iko vivyo hivyo. Na kufunga msimbo hakujawahi kuwa kinga. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta duniani kote na kuvuruga hospitali za Uingereza. Vilipita kwenye tundu, yaani kosa la kiusalama, ndani ya Windows, programu ambayo msimbo wake umefungwa. Na Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu lile, tangu mwezi Machi, miezi miwili kabla. Wengi wa waliodhurika ni wale ambao hawakukiweka.

Ila wapo pia watetezi wa chanzo huria wanaokwenda mbali upande wa pili. Husema msimbo ukiwa wazi, macho ni mengi, kwa hiyo makosa yataonekana tu. Si kweli kwamba yataonekana tu. Tundu lililoitwa Heartbleed, kwenye programu ya chanzo huria iliyokuwa inalinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, lilikaa miaka miwili mbele ya macho ya dunia hadi Aprili 2014. Mwezi Machi 2024 ikagundulika kwamba mtu aliyejipatia imani ya mtunzaji wa programu ndogo iitwayo xz alikuwa ameingiza mlango wa siri. Aliyegundua, Andres Freund, hakuwa anawinda wezi. Aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde, akataka kujua kwa nini. Uwazi ulimruhusu kuchimba hadi akafika kwenye mzizi, na kwenye programu iliyofungwa angeishia kulalamika tu. Lakini uwazi unatoa nafasi ya kutazama. Hauwalazimishi watu kutazama.

Hatari ya kweli iko wapi, basi? Nitaanza na ile ambayo uwazi unahusika nayo kweli, kwa sababu ni haki kuisema.

Tundu likigunduliwa, watunzaji wa jukwaa wanatoa kiraka, yaani toleo jipya lenye marekebisho. Kiraka kikitoka, kila mtu anaweza kulinganisha msimbo wa jana na wa leo. Mistari iliyobadilika inaonyesha tundu lilipokuwa. Mdukuzi naye anasoma. Kuanzia dakika hiyo ni mbio: wewe kuweka kiraka, yeye kuandika programu ya kuwatafuta ambao hawajaweka. Tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal ilitangaza tundu baya sana kwenye toleo la 7. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa moja jioni. Wiki mbili baadaye timu ya usalama ya Drupal ikatoa onyo ambalo hadi leo linanitia baridi: kama tovuti yako haikuwekwa kiraka ndani ya saa saba baada ya tangazo, ichukulie kuwa imeshaingiliwa. Saa saba. Tangazo jioni, na ikifika saa nane usiku, umechelewa. Ni shule gani ina mtu anayesubiri kiraka saa nane usiku?

Ndiyo maana WordPress, tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, ina uwezo wa kujiwekea viraka vidogo yenyewe wakati umelala. Uwezo huo umeokoa tovuti zisizohesabika. Na umezimwa kwenye tovuti nyingi na mafundi wanaoogopa kwamba sasisho litavuruga mwonekano waliouchezea. Januari 2017 WordPress ilitoa toleo la 4.7.2 likiwa limeziba tundu ambalo lingemruhusu mtu wa nje kubadilisha maandishi ya ukurasa. Wakaficha habari ya tundu hilo kwa wiki nzima ili masasisho ya kujiendesha yawafikie watu kwanza. Walipotangaza mwezi Februari, kurasa zaidi ya milioni moja na nusu ziliharibiwa katika muda usiozidi wiki mbili.

Hata hivyo, matundu ya kiini ni machache. Kampuni ya usalama ya Patchstack ilihesabu matundu mapya 7,966 kwenye ulimwengu wa WordPress mwaka 2024. Kati ya hayo, yaliyokuwa kwenye kiini ni saba. Asilimia 96 yalikuwa kwenye programu-jalizi. Funguo za mafundi, kama nilivyosema. Mwaka 2020 programu-jalizi moja ya kupangia faili, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilikutwa na tundu lililomruhusu mtu yeyote, bila nenosiri, kupandisha faili lake na kuiendesha tovuti atakavyo. Wengi waliokuwa nayo walikuwa wameiweka ili wapandishe picha mara moja, wakaiacha.

Kuna namna nyingine isiyohitaji tundu lolote. Programu-jalizi inauzwa. Mtunzaji amechoka, mtu anakuja na pesa, anainunua, na kesho yake sasisho linatoka likiwa na sumu ndani. Hayo yalitokea mwaka 2017 kwa programu-jalizi iitwayo Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti kama 200,000. Fundi uliyemwamini ameuza nakala ya ufunguo wako kwa mtu usiyemjua, na hukuambiwa.

Na kuna balaa ninaloliona hapa kwetu kuliko lolote. Mandhari na programu-jalizi za kulipia zinasambazwa bure kwenye tovuti za vichochoroni na vikundi vya Telegram. Fundi anamtoza mteja bei ya mandhari ya kulipia, anapakua ile ya wizi, anaweka mfukoni tofauti. Virusi viitwavyo WP-VCD vilisambaa duniani kwa njia hiyo: vilifichwa ndani ya mandhari na programu-jalizi za wizi, na mwenye tovuti akaviingiza kwa mkono wake. Hapo ndipo neno "bure" linapostahili lawama, wala si kwenye chanzo huria.

"Lakini sisi ni shule tu," mwalimu aliniuliza. "Nani anatutaka?" Hakuna aliyemtaka yeye. Wanaofanya kazi hii wana programu zinazopita mtandaoni usiku na mchana zikigonga kila mlango, zikiuliza swali moja: una toleo hili lenye tundu? Shule, chuo na ofisi ya serikali wana kitu cha thamani ambacho wenyewe hawakioni, nacho ni heshima ya jina lao mbele ya Google. Kurasa za kamari zikiwekwa ndani ya tovuti ya shule zinapanda juu kwenye matokeo. Na wezi wanajua kujificha: msimbo wao unamtazama mgeni. Akiwa ni roboti ya Google, yaani programu inayosoma kurasa kwa ajili ya matokeo yake, unamwonyesha kamari. Akiwa ni mwalimu mkuu, unamwonyesha paredi. Ndiyo maana alikuwa anafungua haoni kitu. Kama unataka kujua hali ya tovuti yako, andika kwenye Google neno "site:" likifuatiwa na anwani yako bila nafasi, uone kurasa ambazo hukuziandika.

Alama ya kufuli kwenye kivinjari, nayo, haisemi lolote kuhusu haya. Inasema kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasikilizwi njiani. Tovuti iliyojaa wezi inaweza kuwa na kufuli hilo, na mara nyingi inalo.

Mwaka 2024 ulituonyesha hatari nyingine ambayo watetezi hawapendi kuizungumzia. Mullenweg, yule mwanzilishi wa WordPress, aligombana na WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress, kisha akaizuia kufikia hazina rasmi ya masasisho. Wateja wasiohusika na ugomvi walijikuta masasisho hayawafikii kama kawaida, hadi mahakama ya Marekani ilipoingilia mwezi Desemba. Msimbo ulikuwa huru. Bomba linaloleta masasisho lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kwa duka la Tandika, Dar es Salaam, hilo halibadilishi kitu leo, lakini ni sababu ya kuweka nakala ya tovuti mahali pako mwenyewe.

Je, jukwaa la kulipia lililofungwa ni salama zaidi? Kwa mtu ambaye hatakuwa na mtunzaji kabisa, nakiri, ndiyo. Kule kuna watu wanaolipwa kuweka viraka, na unawalipa kupitia ada ya mwezi. Unachonunua pale ni huduma ya matunzo. Ukiweza kuyapata matunzo hayo kwa njia nyingine, hata mwalimu mmoja mwenye nusu saa kwa wiki, chanzo huria kinakupa zaidi na hakikufungi.

Pale shuleni tulikuta programu-jalizi 23, na zilizokuwa na kazi zilikuwa tisa. Masasisho ya kujiendesha yalikuwa yamezimwa. Mandhari ilikuwa ya wizi. Kulikuwa na watumiaji wanne wenye mamlaka yote: mwalimu mkuu, yule fundi aliyepotea, na wawili ambao hakuna aliyewajua. Tulifuta kila kitu isipokuwa maandishi na picha, tukaweka WordPress mpya na mandhari ya bure kutoka hazina rasmi, tukabadilisha maneno ya siri yote, tukawasha masasisho, tukapanga nakala rudufu iende kila usiku nje ya seva. Kazi ya siku mbili.

Jina la tovuti ndilo lililotutesa. Fundi alikuwa amelisajili kwa jina lake, na kulirudisha mikononi mwa shule kulichukua wiki tano za barua. Maneno ya kamari yalitoweka Google polepole, ukurasa mmoja mmoja.

Mwalimu wa TEHAMA ndiye aliyekabidhiwa. Jumatatu iliyopita alinitumia picha ya skrini: masasisho mawili, yote yameshawekwa, saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza.